Hata Shilingi Kumi, Mwanangu?

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, saa ambayo Kisauni nzima, hapa Mombasa, huwa barabarani. Dukani kwangu wakisimama watu wanne pamejaa, na usiku huo walikuwa saba. Akaingia mama mmoja mtu mzima, buibui lake limepauka mabegani, mkobani mna mkate wa mofa unaonukia. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dera la zambarau lenye maua meupe, akalishika pindoni, akalisugua baina ya gumba na kidole cha shahada, kisha akaligeuza ndani atazame mshono.

Nikajua huyu anajua nguo.

"Wauzaje hili?"

Stika ya bei ilikuwa palepale, 950 kwa wino mwekundu. Nikamwonyesha.

"Nimeiona. Nakuuliza wewe."

"Mia tisa na hamsini, mama."

"Nipe kwa mia saba."

"Mama, hapa bei ni moja. Kila mtu namuuzia hivyo hivyo."

Akanitazama kidogo. Hakukasirika. "Hata shilingi kumi, mwanangu?"

Nikasema hata kumi. Nilisema kwa adabu, tena kwa tabasamu, maana nyuma yake kulikuwa na msichana ameshanyoosha noti ya elfu. Yule mama akalitoa dera kwenye hanga, akalikunja juu ya meza mara nne, akalilainisha kwa kiganja kama mtu anayeweka nguo yake mwenyewe kabatini. Halafu akasema, "Haya. Mungu akupe riziki," akatoka.

Usiku ule niliuza kuliko usiku wowote tangu nifungue duka. Nilipofika nyumbani nikala daku, nikalala, na kitu nilichokiona nikifumba macho ni kile kiganja kikipita juu ya dera.

Zimepita wiki saba. Nimeamua kuandika kwa sababu nimeshindwa kuliacha.

## Kwa nini nilibandika bei

Kabla ya kuwa na duka langu niliuza kwenye duka la watu mjini, miaka minne, mabuibui na mitandio. Mwenye duka alinifundisha kazi, na mengi ninayoyajua leo ni yake: kutundika rangi nyeusi mwangani ili mteja aone urembo, kutomfuata mtu nyumanyuma, kukunja buibui bila kuvunja shanga. Na alinifundisha hili pia: usitaje bei kabla hujatazama viatu. Viatu, kisha simu, kisha namna mtu anavyoingia. Anayeingia akitazama chini, mwanzie juu.

Jumamosi moja aliingia msichana anayesomea uuguzi. Dada yake alikuwa anaolewa wiki ile. Akachagua buibui lenye nakshi ya fedha mikononi, akauliza bei, nikamwambia 4,500. Aliinamisha kichwa, akahesabu pesa kutoka kwenye bahasha, akanipa. Hakusema neno. Alasiri ya siku hiyohiyo akaja mama mwingine, buibui lilelile, mzigo uleule, vifungo vilevile. Alinishika kwa maneno nusu saa, akaondoka nalo kwa 2,800.

Mwenye duka alinipongeza kwa lile la asubuhi. Akanipa shilingi 200.

Nilinunua viazi karai nikashindwa kuvimaliza. Nilikuwa nafikiria ile bahasha. 1,700 zaidi, na kosa lake lilikuwa nini? Hakujua kusema "punguza". Labda aliona haya. Labda kwao walimfundisha kuwa binti hapigi kelele dukani. Chuoni, kule madrasa, sote tulifundishwa kwamba kasoro ya mali isemwe na mauziano yawe ya ridhaa. Yule msichana alikubali, lakini ule haukuwa ridhaa. Ulikuwa unyonge, na mimi ndiye niliyeutumia.

Siku ile nilinuia: nikipata duka langu, mwenye haya na mwenye ulimi watalipa sawa.

Kwa hiyo stika zile si mapambo. Ndicho kitu cha kwanza nilichonunua, kabla hata ya hanga.

## Maandishi ya leso

Lakini kabla ya mwenye duka nilikuwa na mwalimu mwingine, naye ni bibi yangu.

Bibi alikuwa akinichukua Barabara ya Biashara kununua leso, yaani kanga. Nilikuwa na miaka saba, minane. Anayekwenda pale leo ataona bado maduka yameegemeana, leso zimetundikwa hadi juu mlangoni. Bibi alisoma herufi za Kiarabu vizuri sana, Msahafu alikuwa akiukhitimu kila Ramadhani, lakini hizi za Kizungu hakuzijua. Leso, anayeijua anajua, ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno ya chini ambayo ndiyo yanayoisemea. Bila kujua jina hununui, usije ukamvalia jirani tusi bila kukusudia. Basi Bibi aliyatambua maandishi ya chapa, "Mali ya Abdulla", kwa umbo lake tu, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo, na lile jina lenyewe alimwomba muuzaji amsomee.

Nakumbuka moja: "Japo sipati tamaa sikati."

Muuzaji alisoma. Bibi akacheka, akamtaka asome tena. Akauliza bei. Akashtuka, mkono kifuani. Muuzaji akamuuliza hali ya mjomba wangu, maana mjomba alikuwa baharini. Bibi akaeleza. Akarudi kwenye bei. Akapunguziwa kidogo. Akaikunjua leso nzima, ile jozi ikiwa bado haijakatwa, akanishikisha ncha mimi, akaitazama kwenye mwanga kama rangi imepita pande zote mbili. Akasema bei yake. Ikaletwa kahawa. Mimi nilipewa halua kipande.

Tulikaa pale saa nzima kwa leso moja.

Nikiwa mdogo niliona uchovu. Nilipoanza kazi nikaona ujanja. Sasa sijui nione nini. Yule muuzaji alijua jina la mjomba wangu. Mimi nimefungua duka karibu mwaka mzima, na yule mama wa dera la zambarau simjui hata kwao ni wapi.

## Hesabu ya dera moja

Niseme mambo ya pesa, kwa sababu kuna watakaosoma hapa wakasema ningempunguzia tu yakaisha.

Duka nililifungua kwa pesa za mchezo. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, zamu yangu ikaangukia mwezi wa nne: 60,000. Nikaongeza akiba. Kabla sijatundika nguo hata moja, kilemba, yaani malipo ya kuachiwa chumba, kilimeza 40,000, kwa kuwa mpangaji aliyekuwamo hakutoka bure. Kodi ya mwezi na amana, 28,000. Kibali cha kaunti, rafu, rangi, taa. Haya kila aliyefungua duka Mombasa anayajua, siyarefushi.

Sasa lile dera. Isilii, kule Nairobi, nalinunua 550. Usafiri likigawiwa fungu lake ni 20, mfuko 10. Limenifikia kwa 580. Nikiuza 950 hubaki 370.

Kwa mwezi kodi ni 14,000, stima na mlinzi 2,000, na 1,000 naiweka kando kwa ajili ya kibali cha mwaka ujao. Jumla 17,000. Ugawanye kwa 370: lazima niuze madera 46 kabla sijapata shilingi ya unga. Karibu mawili kila siku ya kazi, mvua inyeshe isinyeshe, Januari ya karo, na baada ya Idi watu wamekauka.

Nikiuza kwa 700 hubaki 120. Ugawanye tena. Ni madera 142.

Mteja akisema "punguza mia mbili na hamsini" yeye anasikia robo ya bei, pengine na anaona ni uungwana kuomba hivyo. Mimi nasikia theluthi mbili za kilichobaki. Na hata sijazungumzia ushuru wa mauzo, ambao kwa wanaouza kuanzia milioni moja kwa mwaka ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3, tena ya mauzo yote, faida iwepo isiwepo. Mimi sijafika huko. Naomba nifike.

Hesabu hii niliipiga usiku ule, nikaipiga tena kesho yake, na kila nikiipiga nilikuwa na haki. Nilikuwa na haki hadi wiki ya pili, nikiwa nafagia, nikakumbuka alivyosema mwishoni.

Hakusema mia saba. Alisema kumi.

Hesabu yangu yote ilikuwa inajibu swali la kwanza. La pili sikulijibu. Kumi kutoka kwenye 370 haiangushi duka. Na mtu mzima kama yule, aliyejua kugeuza nguo akatazama mshono, alijua kabisa kwamba kumi haimfai kitu. Aliomba nini, basi?

## Isilii

Baada ya Idi nilikwenda kuongeza mali. Mimi nakwenda kwa basi la usiku. Nauli ya treni, daraja la kawaida, ilipanda Januari 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500, na kituo chenyewe kiko Miritini, mbali na kwetu. Alfajiri nashuka, naswali, nanywa chai, naingia madukani.

Isilii ninaipenda. Watu wanasimulia kwamba yote ilianzia Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni ambayo vyumba vyake viligeuka vibanda vya nguo miaka ya tisini, Wasomali waliokimbia vita wakiuza na kulala mlemle. Leo ni majumba ya ghorofa, na ndani yake kila kibanda kina mama au kijana aliyezungukwa na nguo hadi dari. Ukiwa na mtaji mdogo kama wangu ndipo mahali pako: hupangiwi kununua elfu, unaweza kuchukua madera thelathini ukaondoka.

Nina mama ninayenunua kwake. Mali yake naijua, lakini kila mzigo mpya naupima. Ninachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nauwasha kiberiti. Uzi wa plastiki hujikunyata, hunuka, ukiacha kijipunje kigumu cheusi kama mbegu ya papai. Wa pamba huwaka kama karatasi ukaacha jivu laini la kijivu. Lakini raiyoni nayo huwaka hivyohivyo kwa kuwa asili yake ni mti, kwa hiyo kiberiti peke yake hakitoshi. Unachomoa uzi wa pili, unaulowesha mate, unauvuta. Wa raiyoni ukilowa hukatika upesi. Wa pamba hukaza. Kwa joto la kwetu, na jasho la Februari na Machi, mteja aliyevaa plastiki atajua kabla hajafika kituo cha matatu, na hatarudi kwako.

Yule mama huniacha nichome nyuzi zake. Husukuma kibakuli cha majivu karibu yangu. Safari hii aliniletea na chai yenye hiliki.

Bei yake ilikuwa 570. Nikamwambia 540. Akasema dunia imepanda. Nikamwambia duka langu ni dogo. Akaniuliza nimefungua Ramadhani vipi, mama yangu hajambo, nimeolewa au bado. Nikamjibu. Akaniambia binti yake amejifungua. Nikamwombea mtoto. Tukafika 550, akaongeza mitandio miwili juu ya mzigo bila kusema kitu, akafunga.

Nilikuwa nimeshuka ngazi, mzigo kichwani mwa kijana wa mkokoteni, ndipo nikasimama.

Nilikuwa nimetoka kupigania shilingi ishirini kwa kila dera, na nimezipata, na nimefurahi. Si kwa ishirini tu. Nilifurahi kwa chai, kwa habari ya mtoto, kwa kuachwa nichome uzi. Kisha nilikuwa narudi Mombasa kubandika stika.

Safari nzima ya kurudi, Mtito, Voi, Mariakani, sikulala.

## Duka la Paris

Nikatafuta kusoma. Nilitaka kujua nani alianza hii habari ya bei moja, kwa sababu mimi niliiona kama yangu.

Kumbe kuna Wakristo wa madhehebu ya Quaker huko Uingereza, tangu karne ya kumi na saba, waliokataa kutaja bei mbili kwa sababu kutaja bei ambayo hukusudii kuishika waliihesabu ni uongo. Hawa niliwaelewa moja kwa moja. Ningekaa nao. Halafu kuna Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris mwaka 1852 na kulifanya kubwa sana. Bei imeandikwa kwenye kila kitu, mtu anaingia na kutoka bila kulazimika kununua, na mali isipompendeza anairudisha.

Hapo nikafikiri kwa muda mrefu. Duka kama lile lina wauzaji mamia. Mwenye duka hawezi kumwachia kila mmoja apatane bei anavyotaka, atafilisika. Bei iliyoandikwa humsemea mwenye mali mahali ambapo yeye hayupo. Ndivyo na supamaketi zetu: hakuna anayemwambia binti wa kaunta "nipunguzie sukari", kwa sababu sukari si yake.

Lakini dukani kwangu mwenye mali yupo. Amekaa pale kwenye kigoda, hatua mbili kutoka mlangoni.

Yule mama aliiona stika. Alisema ameiona. "Nakuuliza wewe."

## Alivyosema Ami

Jirani yangu barazani ni fundi cherehani, mzee, sote twamwita Ami. Alikuwepo usiku ule na aliona yote. Nilipomweleza, miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani.

"Andika 1,200," akasema. "Ushuke hadi 950. Yeye afurahi, nawe ufurahi."

"Na yule asiyeuliza, Ami? Atalipa 1,200."

"Basi ajifunze kuuliza."

Nilimweleza habari ya msichana wa uuguzi. Akasimamisha cherehani. Akanyamaza, akakata uzi kwa meno. "Huyo ni mwengine," akasema, na hatukuendelea.

Na mimi mpaka leo sina jibu la kumpa Ami, kwa sababu kuna jambo analolisema ambalo ni kweli. Kuomba kupunguziwa ni namna ya kumwambia mwenzako: nataka tujuane, nataka ukumbuke kuwa uliniuzia. Anayekataa anakataa zaidi ya pesa. Lakini msichana mwenye bahasha naye ni kweli. Siwezi kujenga ujirani wangu juu ya mgongo wake. Kila nikiegemea upande mmoja namwona mtu wa upande wa pili.

Jibu la nusu lilinijia kwa muuza mchicha.

Fungu lake ni shilingi ishirini. Mkubwa, mdogo, mtoto aliyetumwa, ishirini. Hapunguzi. Lakini kila akifunga, mkono wake unarudi kwenye beseni na kuchomoa vijiti viwili vitatu, anavitia juu. Nyongeza. Nimenunua kwake miaka na sijawahi kuwaza. Siku ile nikakaa nikamtazama. Mtoto wa miaka sita aliyekuja na sarafu mkononi, hakusema hata "naomba", naye alitiwa nyongeza yake. Yule mama mkorofi wa nyumba ya kona alitiwa vijiti vitano, kwa sababu walicheka. Bei ile haikuguswa, na bado kila mtu aliondoka na kitu kilichotoka mkononi mwa mwenye mali kwa hiari yake.

Mitandio miwili ya yule mama wa Isilii, ile ilikuwa nini kama si hiyo?

Dera, kama tunavyojua, huja refu na pana, halina mwenyewe. Anayelinunua lazima alikate na kulipinda ndipo limkae. Ami huwatoza watu shilingi hamsini. Nikapatana naye thelathini kwa kila nitakayempelekea, na nikaanza: ukinunua dera kwangu, linapindwa hapohapo, ukisubiri, juu yangu. Namwambia kila mtu kabla hajauliza. Mwenye haya namwambia wa kwanza.

Hesabu yake: 370 toa 30 ni 340. Ugawanye 17,000. Kutoka madera 46 hadi 50. Nne zaidi kwa mwezi. Nimekubali.

Nimeweka kigoda cha pili. Ami anapopinda, mteja anakaa, na katika dakika kumi zile nimejua mengi kuliko nilivyojua mwaka mzima: nani anamwoza binti Mfungo Tatu, nani mume wake hajalipwa bandarini, nani anataka saizi ambazo mimi siagizi. Rangi ninazozileta sasa ni zao. Mwanzoni nilikuwa naagiza nilizozipenda mimi, nude na kijivu, na mengine yale yalilala rafuni hadi leo.

Haimridhishi kila mtu. Kuna mama aliniambia hataki kupindiwa, ana cherehani kwake, nimpunguzie ile thelathini. Nikakataa, akaondoka na hasira, akanisema mpaka kituo cha matatu. Sijui kama alikosea. Nimeliwaza sana hilo pia.

Na dera la zambarau lilinunuliwa siku mbili kabla ya Idi. Msichana mmoja, 950, hakuuliza. Wakati ule sikuwa nimeanza kupinda. Nilimwona akienda nalo, pindo litakuwa linaburura.

## Alhamisi

Alhamisi iliyopita alasiri nilikuwa ndani napanga mitandio, nikasikia sauti barazani.

"Kupinda wataka ngapi?"

"Hamsini," akasema Ami.

"Hamsini! Kwani wewe washona jipya?"

Niliijua ile sauti kabla sijatoka. Alikuwa amesimama mbele ya cherehani, mkoba uleule, na mkononi dera la kijani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa kazini.

"Ishirini."

"Ishirini uzi peke yake, mama. Arubaini na tano."

"Wewe si ndiye uliyemshonea suruali mwanangu wa pili, enzi zile uko Kongowea? Ikaachia siku ya Idi."

"Mwanao alinenepa!"

Walicheka wote wawili. Akakaa kwenye kigoda changu cha pili, hakukaribishwa na hakuhitaji. Wakataja watu ambao mimi siwajui, wengine marehemu, wakawaombea. Thelathini. Arubaini na mbili. Ami akalikunjua dera mapajani, nikalishika pindo bila kufikiri. Ulikuwa uzi wa plastiki mtupu. Aliniona nikilishika.

"Najua," akaniambia. "La kwako lilikuwa bora."

Sikupata neno.

Wakafikia arubaini. Ami akapinda, akakata uzi kwa meno, akalipiga dera mkunjo. Yule mama akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akatoa noti ya hamsini, akampa. Ami akatafuta sarafu ya kumi kwenye kopo, akaikuta, akamnyooshea.

"Weka," akasema. "Unywe kahawa."

Kisha akanigeukia mimi, bado amekaa, mkoba magotini.

"Na wewe je? Bei yako bado ni moja?"

"Bado, mama," nikasema. "Lakini kaa."

Nikaingia ndani kumteremshia madera.